MFEREJI WA SUEZ NA SIASA ZA MATAIFA

Mtu wa Kisumu au wa Nyeri anunuapo unga wa ngano, na kuona bei imepanda, mara nyingi humlaumu mwenye duka. Pengine lawama hiyo ni ya haki. Lakini iko gharama ambayo mwenye duka hana amri juu yake, wala tajiri wa jumla aliyemwuzia, wala hata Serikali. Nayo ni gharama ya kuchukua shehena baharini. Ngano nyingi iliwayo Kenya hutoka Urusi na Ukraine, na meli iichukuayo hushuka kutoka Bahari Nyeusi, ikapita katika mfereji mmoja mwembamba katika nchi ya Misri kabla ya kufika Mombasa. Mfereji huo ukifungwa, habari husikika hata kwa mwoka mikate wa kijijini.

Kwa sababu hiyo habari za Mfereji wa Suez zastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Ni mfano ulio wazi kupita mingine yote wa jinsi biashara, mali ya asili na kuhama kwa watu kunavyoweza kuyasukuma mataifa kupatana, na kuyasukuma vile vile kupigana.

KUCHIMBWA KWA MFEREJI

Msomaji akichukua ramani ya ulimwengu ataona kwamba Afrika na Asia zimeungana kwa kipande chembamba cha nchi kavu, kati ya Bahari ya Mediterania na Bahari ya Sham. Kabla ya mwaka 1869 merikebu itokayo London kwenda Bombay ililazimika kuizunguka Afrika nzima kwa Rasi ya Tumaini Jema, mwendo wa maili za baharini kama 10,700. Kwa njia ya Suez mwendo huo ni kama maili 6,300 tu.

Mwaka 1854 Mfaransa mmoja, Ferdinand de Lesseps, alipewa hati ya kibali na mtawala wa Misri, Said Pasha, ili aunde kampuni ya kuchimba mfereji. Kampuni ilipewa haki ya kuutumia na kutoza ushuru kwa miaka 99 tangu siku ya kufunguliwa. Kazi ilianza Aprili 1859. Wachimbaji hawakuwa watu wa mishahara waliojiandikisha kwa hiari yao. Walikuwa wakulima wa Misri waliokusanywa kwa amri, kiasi cha watu 20,000 kila mwezi, wakaacha mashamba yao na kwenda jangwani na makapu na majembe. Maji ya kunywa yaliletwa kwanza kwa ngamia, hata ulipochimbwa mfereji mwingine mdogo wa maji matamu kutoka mto Nile. Mwaka 1865 kipindupindu kiliwaua wengi. Hesabu ya waliokufa katika kazi yote haikubaliwi na wote: Gamal Abdel Nasser alitaja watu 120,000 katika hotuba yake ya mwaka 1956, nao wanahistoria wengi waona kwamba hesabu hiyo ni kubwa mno.

Serikali ya Uingereza ilipinga sana kazi ile ya kulazimishwa. Ilipinga kwa ajili ya huruma, na ilipinga pia kwa kuwa haikupenda Wafaransa waishike njia ya kwendea Bara Hindi. Ni vigumu kusema ni sababu ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa na uzito zaidi. Mwaka 1864 kazi ya shuruti ilikomeshwa, mitambo mikubwa ikaletwa, na Misri ikaamriwa kuilipa Kampuni fidia ya faranga milioni 84 kwa kukosa watu na ardhi iliyoahidiwa. Yaani nchi iliyotoa wachimbaji ndiyo iliyotozwa kwa kuacha kuwatoa.

Mfereji ulifunguliwa tarehe 17 Novemba 1869 kwa sherehe kubwa. Faida yake haikuwafikia wote sawasawa. Pepo za Bahari ya Sham ni za taabu kwa merikebu za matanga, kama wajuavyo manahodha wa pwani waliozoea kungoja kaskazi na kusi. Kwa hiyo waliofaidi ni wenye meli za moshi, na wenye meli nyingi za moshi walikuwa Waingereza. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kufika Unguja kila mwezi kutoka Aden. Pwani ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa mbali na Ulaya, ikawa karibu ghafula, nayo ikaanza kutazamwa kwa macho mapya.

DENI LA KHEDIVE

Mtawala aliyemfuata Said, Khedive Ismail, alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Alijenga reli, madaraja, shule na majumba. Lakini alijenga kwa fedha za kukopa, na riba ilikuwa kubwa. Mwaka 1875 alibanwa hata akaziuza hisa zote za Misri katika Kampuni ya Mfereji, jumla yake 176,602. Waziri Mkuu wa Uingereza, Disraeli, alizinunua kwa pauni karibu milioni 4, akikopa fedha hizo kwa nyumba ya Rothschild bila kungoja Bunge lipige kura. Tangu siku ile Serikali ya Uingereza, iliyopinga mfereji tangu mwanzo, ikawa mwenye hisa mkubwa kuliko wote.

Deni la Khedive halikwisha kwa mauzo yale. Wakaguzi wa Ulaya walitiwa katika hazina ya Misri, kodi zikaongezwa, maofisa wa jeshi wakapunguzwa, na Kanali Ahmed Urabi akaongoza watu waliotaka Misri itawaliwe na Wamisri. Mwaka 1882 manowari za Kiingereza zilipiga mji wa Iskandaria kwa mizinga, na jeshi la Urabi likashindwa Tel el-Kebir mwezi wa Septemba. Waingereza walisema watakaa kwa muda mfupi. Askari wao wa mwisho waliondoka katika eneo la mfereji mwezi wa Juni 1956.

Mataifa mengine hayakupenda mlango wa ulimwengu ushikwe na mtu mmoja. Mwaka 1888 yalitia sahihi mapatano katika Istanbul kwamba mfereji utakuwa wazi kwa kila meli, ya biashara au ya vita, wakati wa amani na wakati wa vita, bila kubagua bendera. Mapatano hayo yangali yakitajwa hata leo. Hata hivyo yalishikwa na mwenye nguvu kwa namna alivyopenda. Katika vita mbili kuu za ulimwengu meli za adui wa Uingereza hazikupita, na baada ya mwaka 1948 Misri ilizuia meli za Israeli.

TOKA SUEZ HATA KISUMU

Huenda msomaji akauliza, mambo hayo yana uhusiano gani na Kenya? Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Aliyetaka kuulinda mfereji ilimpasa kuishika Misri. Misri haina mvua ya kutosha. Uhai wake ni mto Nile. Nile nayo yatoka mbali, katika milima ya Ethiopia na katika ziwa ambalo Waingereza waliliita Victoria. Wakuu wa London waliogopa kwamba taifa jingine la Ulaya likishika chimbuko la mto, laweza kuishika Misri kwa koo. Hofu hiyo ilionekana wazi mwaka 1898, Kapteni Marchand wa Ufaransa alipopandisha bendera yake Fashoda, kando ya Nile, na Jenerali Kitchener akaja na jeshi kubwa zaidi kumtaka aondoke. Mataifa mawili yalikaribia kupigana kwa ajili ya kijiji ambacho watu wa Paris na wa London hawakupata kukisikia.

Kabla ya hapo, mwaka 1894, Uganda ilikuwa imetiwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka uliofuata nchi iliyo kati ya Uganda na pwani ikafuata. Lakini nchi isiyofikika hailindiki. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu. Wafanya kazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na kama 6,700 wakabaki baada ya mikataba yao kwisha. Reli ilipita katika nchi za Wakamba, Wamasai, Wanandi na wengineo, nao hawakuulizwa. Ili reli ipate shehena ya kuchukua, walowezi waliitwa kutoka Ulaya na Afrika ya Kusini wapewe ardhi. Habari za ardhi hiyo zajulikana sana hata hazina haja ya kurudiwa hapa.

Wako wanahistoria wasemao kwamba yote hayo yalianzia Suez. Wengine wanakana, wakitaja biashara ya pembe, kazi ya wamisheni, na kushindana na Wajerumani. Yaelekea kwamba kila upande una sehemu ya kweli. Lakini Nile ilikuwa katika mawazo ya waliotoa amri, na ushahidi mmoja ni mapatano ya mwaka 1929, ambayo Uingereza iliahidi kwa niaba ya makoloni yake kwamba hapatajengwa kitu katika mto au maziwa yake cha kupunguza maji ya Misri pasipo Misri kukubali. Tanganyika ilipopata uhuru ilitangaza mwaka 1962 kwamba haifungwi na ahadi iliyotolewa na mtawala wake wa zamani.

MWAKA 1956

Mali iliyoubadili mfereji katika karne ya ishirini ni mafuta. Mwanzoni mfereji ulikuwa njia ya kwendea Bara Hindi. Lakini Bara Hindi ilipata uhuru mwaka 1947, na bado meli zilizidi kuongezeka, kwa sababu viwanda na magari ya Ulaya yalitaka mafuta ya Ghuba ya Uajemi. Kufikia mwaka 1955 karibu theluthi mbili ya mafuta ya Ulaya ya Magharibi ilipita Suez.

Gamal Abdel Nasser, aliyekuwa Rais wa Misri, alitaka kujenga bwawa kubwa Aswan ili kuhifadhi maji ya Nile na kupata umeme. Marekani na Uingereza, pamoja na Benki ya Dunia, ziliahidi msaada wa fedha. Tarehe 19 Julai 1956 Marekani iliondoa ahadi yake, kwa kuwa haikupendezwa na Misri kununua silaha kwa Wakomunisti, na Uingereza ikafuata. Wiki moja baadaye, tarehe 26 Julai, Nasser alihutubia umati wa watu Iskandaria, akatangaza kwamba Kampuni ya Mfereji imetaifishwa na kwamba ushuru wake utajenga bwawa. Wakati alipokuwa akisema, watu wake walikuwa wakiingia katika ofisi za Kampuni.

Hapa inafaa kutazama jambo dogo lililofunza mengi. Meli haipiti Suez bila rubani aijuaye njia, na marubani wengi walikuwa Waingereza na Wafaransa. Iliaminiwa katika Ulaya kwamba Wamisri hawawezi kazi hiyo. Katikati ya Septemba marubani wa kigeni walitoka kazini kwa mkupuo. Marubani wa Kimisri, pamoja na Wagiriki na wengine wachache waliobaki, walifanya kazi usiku na mchana bila mapumziko ya kutosha, na meli zikaendelea kupita. Hoja kwamba mfereji ni lazima uendeshwe na wageni ikafa siku zile, kabla ya risasi kulia.

Risasi zililia baadaye kidogo. Mwishoni mwa Oktoba wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walikutana kwa siri Sèvres, karibu na Paris, wakapatana. Tarehe 29 Oktoba Israeli iliingia Sinai. Uingereza na Ufaransa zikajifanya wapatanishi, zikataka pande zote mbili ziondoke karibu na mfereji, na Misri ilipokataa ndege zao zikaanza kutupa mabomu. Novemba 5 askari wa miavuli walishuka Port Said, na kesho yake majeshi ya baharini yakatua. Watu wengi wa mji ule waliuawa. Misri nayo ilizamisha meli katika mfereji, na ile njia iliyopiganiwa ili ibaki wazi ikafungwa kabisa.

Kilichowarudisha nyuma Waingereza hakikuwa bunduki. Rais Eisenhower wa Marekani alikasirishwa na mambo yaliyofanywa bila yeye kuambiwa, na fedha ya Kiingereza ilikuwa ikipoteza thamani kila siku. Marekani ilikataa kuitegemeza mpaka vita visimame. Saudi Arabia ilikatiza mafuta kwa Uingereza na Ufaransa. Urusi ilitoa vitisho, ingawa siku zile zile ilikuwa ikiwapiga watu wa Hungaria. Usiku wa Novemba 6 vita vilisimamishwa. Baraza la Usalama halikuweza kufanya kitu kwa sababu ya kura ya turufu ya Uingereza na Ufaransa, kwa hiyo shauri lilipelekwa mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambalo liliunda jeshi la kulinda amani. Lester Pearson wa Kanada, aliyetoa shauri hilo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1957. Kabla ya Krismasi 1956 Waingereza na Wafaransa walikuwa wameondoka. Waziri Mkuu Anthony Eden alijiuzulu Januari, na wenye magari wa Uingereza waligawiwa petroli kwa kipimo hata Mei.

Mambo ya wakuu huandikwa vitabuni upesi. Ya wadogo hukawia. Katika miezi ile Mayahudi wa Misri kama 25,000, wengi wao waliozaliwa Misri na wasiojua nchi nyingine, waliondoka au walifukuzwa. Wengi waliruhusiwa sanduku moja na fedha kidogo, wakatia sahihi karatasi ya kusema kwamba hawatarudi. Nao hawakukata shauri lolote, wala Sèvres wala Iskandaria.

MIAKA MINANE YA KUFUNGWA

Mfereji ulisafishwa na kufunguliwa tena mwaka 1957, na mwaka uliofuata Misri ilipatana na wenye hisa kuhusu fidia. Bwawa la Aswan lilijengwa kwa msaada wa Warusi tangu 1960 mpaka 1970. Na Wanubi zaidi ya 100,000, wa Misri na wa Sudani, walihamishwa kwa kuwa vijiji vyao vilifunikwa na maji.

Tarehe 5 Juni 1967 vita vilizuka tena kati ya Israeli na Waarabu. Askari wa Israeli walifika ukingo wa mashariki, Wamisri wakabaki ukingo wa magharibi, na mfereji ukawa mpaka wa mizinga kwa mizinga. Miji ya Suez, Ismailia na Port Said iliondolewa watu wake. Mamia ya maelfu walikwenda kuishi kwa jamaa au katika shule za miji mingine. Meli kumi na tano zilizokuwa njiani zilinaswa, kumi na nne zikiwa katika Ziwa Kuu la Uchungu, zikakaa humo mpaka mchanga wa jangwa ukazipaka rangi ya manjano. Mfereji ulipofunguliwa tena tarehe 5 Juni 1975, ni meli mbili za Kijerumani tu zilizorudi nyumbani kwa mashini zake zenyewe.

Katika miaka ile minane kahawa na chai ya Afrika ya Mashariki ziliizunguka Rasi kwenda Ulaya. Bandari ya Aden, iliyoishi kwa kuuzia meli mafuta, ilikosa wateja wakati ule ule Waingereza walipokuwa wakiondoka. Durban na Cape Town zilipata kazi, jambo lisilowapendeza Waafrika waliotaka Serikali ya ubaguzi itengwe. Lakini meli hazina njia nyingine upande ule. Wenye meli za mafuta walianza kujenga meli kubwa mno zisizohitaji mfereji hata kidogo.

Vita vya Oktoba 1973 vilileta silaha nyingine. Nchi za Kiarabu zilikataza mafuta yao yasiende Marekani na Uholanzi, na bei ya pipa, iliyokuwa dola kama 3, ilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Nchi maskini zisizo na mafuta ziliumia kuliko zile zilizokusudiwa. Utajiri ule wa Ghuba uliita wafanya kazi, na Wamisri wakaenda kwa wingi Saudi Arabia, Kuwait, Libya na Iraki kufundisha, kujenga na kulima. Fedha walizopeleka nyumbani zilikuwa tegemeo la nchi pamoja na ushuru wa mfereji. Serikali yenye watu wake wengi katika nchi ya mwingine haina budi kusema na nchi hiyo kwa uangalifu. Iraki ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, mamia ya maelfu ya Wamisri walirudi mikono mitupu. Misri ilipeleka askari upande wa Marekani, na baadaye nusu ya deni lake kwa serikali zilizolidai ikafutwa.

SIKU ZA KARIBUNI

Mnamo Machi 2021 meli moja, Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama mfereji ukiwa umejaa meli, ikaziba njia kwa siku sita. Huo ulikuwa msiba wa upepo na mchanga. Msiba uliofuata ulitoka kwa watu. Kuanzia Novemba 2023 Wahuthi wa Yemen, wakisema wanawatetea watu wa Gaza, walizishambulia meli karibu na Bab el Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Sham. Mfereji wenyewe haukuguswa, wala haukufungwa hata siku moja. Lakini bima ilipanda, makampuni makubwa yakaamuru meli zao zipite Rasi ya Tumaini Jema kama zamani za matanga, na ushuru wa mfereji, uliozidi dola milioni 10,000 mwaka 2023, ukaanguka kuwa kama milioni 4,000 mwaka 2024.

Katika Kenya walioisikia habari hiyo mapema ni wakulima wa maparachichi wa Murang'a na jirani zake. Tunda lao huchumwa likiwa gumu, likatiwa katika kontena la baridi Mombasa, likategemewa kuiva likiwa limekwisha kufika sokoni Ulaya. Kwa njia ya Rasi safari iliongezeka kama majuma mawili, na matunda mengine yalianza kuiva meli ikiwa bado baharini. Wanunuzi wakapunguza bei, na wakala wa mnunuzi akaja shambani kueleza sababu. Naye mkulima, aliyekuwa amekwisha kuchuma, alikuwa akisikia jina la Bab el Mandeb kwa mara ya kwanza.